Tulivyokwenda Ayalandi Bila Kuaga

Sijawahi kukanyaga Ayalandi. Nasema mapema, asije mtu akaniuliza habari za viza. Lakini njia zake za mashamba nazijua kuliko ninavyozijua za Ansab, mtaa wa Maskat ninaokaa, ambako kila nikizoea barabara moja wanaifumua na kufungua nyingine. Najua pale Kerry ambapo njia inakuwa nyembamba hata majani yanaota katikati yake. Najua kona moja ya Mayo yenye nyumba ya rangi ya buluu na mbwa anayetoka mbio kumfukuza mpanda baiskeli, akachoka, akarudi kulala. Kile kilima kirefu cha Konemara kimenitoa jasho la kweli, ila jasho lenyewe nimelimwaga chumbani kwa mama yangu, juu ya taulo, kiyoyozi kikivuma mpaka mwisho.

Mimi ni mwanamke niliyekwisha pita hamsini, mfanyakazi wa serikali, mtalaka wa zamani, na mpenzi wa baiskeli. Hilo la mwisho ndilo lililowasumbua zaidi jamaa zangu. Msimu wa baridi huwa natoka na wanawake wenzangu alfajiri mpaka Qurum, tukapita barabara ya ufukweni kabla wenye majumba hawajaamka. Wanaoamka mapema hutupita na magari yao, wakapunguza mwendo kututazama, huku nyuso zao zikituonea huruma, maana Maskat mtu hatembei bila gari ila limeharibika. Lakini kuanzia mwezi wa tano hata sisi tunashindwa. Mpini wa baiskeli unaunguza, maji kwenye chupa yanakuwa ya kukogea, na mwenye akili zake anabaki ndani.

Ndipo nilipoinunua ile mashine. Unatoa gurudumu la nyuma la baiskeli, unaifunga kwenye mashine, unaweka skrini mbele yako, na unachagua njia. Njia zenyewe zimepigwa filamu na mtu aliyezipita kweli akiwa na kamera kwenye mpini. Yeye humwoni, unasikia tu pumzi zake na upepo. Ukikanyaga pedeli, picha inakwenda. Ukifika kilimani, mashine inakuwa nzito. Ukisimama, na picha inasimama. Kuna njia za nchi nyingi humo, nami nilichagua Ayalandi kwa sababu moja: mvua. Mtu wa Maskat mwezi wa saba, mpe mvua atazame, hata iwe ya kwenye skrini.

Mwaka ninaousimulia, mama alipatwa na kiharusi baada ya Idi. Mguu na mkono wa kushoto vililegea. Ulimi haukuguswa, nami nilishukuru sana, ingawa zilikuja siku nikajutia shukrani hizo. Hospitali walimrudisha nyumbani na kitanda chenye vyuma vya pembeni, na mtaalamu wa mazoezi akampa kijimashine cha pedeli cha kuweka chini, mbele ya kiti, ili akae na kukanyaga kila siku. Akatuambia wazi kwamba mguu usipotumika miezi hii ya mwanzo, utazoea kukaa.

Mama alikitazama kile kidude kwa dharau. "Mie si fundi cherehani," akasema.

Nilikuwa nimeajiri dada mmoja wa Kenya amhudumie mchana nikiwa kazini, mwanamke mpole, mwenye mikono ya nguvu, anayevaa sare ya buluu kama ya wauguzi kwa kuwa anasema inamrahisishia kufua. Yeye alibembeleza. Mimi nilipiga kelele, kwa sababu ndiyo tabia yangu. Mama aliuweka mguu, akazungusha mara mbili, akasema kachoka na chai iko wapi.

Na jambo lililokuwa likinikosesha raha halikuwa mguu peke yake. Mama alikuwa na dada mmoja tu, mama yangu mkubwa, naye alikuwa akikaa Khuwair ya Kusini, ghorofa ya pili, katika jengo la zamani lisilo na lifti. Magoti yake yalikwisha, na moyo wake daktari aliusemea kwa sauti ya chini, kwa hivyo hakushuka ila kwenda hospitali. Kila Ijumaa baada ya alasiri mama alikuwa akipanda zile ngazi kwenda kumtazama. Tangu kiharusi, ndugu wale wawili hawakuonana. Kwa gari si mwendo wowote. Njia ikiwa nyeupe unafika kabla chai ya kikombe haijapoa. Lakini ghorofa mbili kwa mguu uliolegea ni safari nyingine. Binamu zangu wanaume walijitolea wambebe mama kwenye kiti, wao wanne wenye vifua vipana.

"Ngazi za dada nimezipanda kwa miguu yangu," mama akawajibu. "Siku ya kubebwa mtanibeba, wala sitowaomba."

Akishasema hivyo, hapana wa kumgeuza. Basi wakawa wanapigiana simu. Mama mkubwa ndiye aliyepiga, kila siku, saa ya alasiri, wakazungumza mpaka simu ikapata moto.

Baiskeli haikuingia chumbani kwa mama kwa hekima yoyote. Kiyoyozi cha ukumbini kiliharibika, fundi akaniahidi kesho kwa wiki nzima, na chumba cha mama ndicho kilichokuwa na baridi. Nikaisukumia huko. Alianza kulalamika kabla sijapanda.

"Mtu mzima na suruali ya kubana."

"Mama, nani ananiona?"

"Mimi nnakuona, na mimi ni mtu."

Nikapanda. Siku hiyo ilikuwa njia ya Kerry, mawingu chini, kuta za mawe kushoto na kulia, kondoo wenye alama za rangi migongoni. Mama alijifanya hatazami. Mbele yetu ikaja gari kuukuu, mzee mmoja ndani yake, na alipotukaribia akainua kidole kimoja juu ya usukani, kama wanavyosalimiana watu wa mashamba ya kule.

"Kakusalimu," mama akasema.

"Hajanisalimu mimi. Filamu hiyo."

"Kakusalimu mzee wa watu, na wewe unampita tu. Nani kakulea?" Akainua mkono wake mzima. "Wa alaykumu salaam, baba."

Tangu siku ile alimjibu kila aliyetuinulia kidole, na kule wanainua wote. Aliwajibu madereva wa trekta, akamjibu mama mmoja aliyekuwa akianua nguo mbio mbio mvua ikija, akambeza kijana aliyetupita bila kutazama. Siku iliyofuata nilirudi kazini nimechoka, nikasema leo napumzika, akaniuliza kwa nini siendi. Siku ya tatu alikuwa amekwisha mwambia dada wa Kenya aweke kiti chake karibu na skrini.

Dada wa Kenya naye alinogewa. Ikitokea bonde la kijani lenye ng'ombe na mashamba ya viazi, alikuwa anapiga makofi. "Aki hii inakaa kwetu kabisa! Hii ni Kinangop. Ata hiyo baridi naisikia mpaka kwa mifupa."

"Sasa kwenu pazuri hivyo, huku kwenye jua umefuata nini?" mama akamuuliza.

"Si kazi, mama. Uzuri haulipi fees."

Mama aliucheka mseto wake wa maneno, na yeye akamcheka mama kwa nna- zake za Kiunguja, na mimi nilikuwa juu ya baiskeli nimekosa pumzi ya kumcheka yeyote.

Sasa nieleze ada moja ya kwetu. Sisi watu wa Unguja tuliorudi Omani, mtu hatoki safari akaingia nyumbani mikono mitupu. Hata aliyekwenda Nizwa asubuhi akarudi jioni atakuja na bakuli la halua. Basi siku moja niliposhuka, uso umeiva, mama akaninyooshea mkono.

"Umeniletea nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini kesho yake, nikiwa supamaketi, nikaona kwenye friji siagi iliyoandikwa kuwa imetoka Ayalandi, na picha ya ng'ombe juu yake. Nikainunua. Jioni niliposhuka kwenye baiskeli, nikampakia kwenye mkate wa mofa wa moto. Mama akatafuna polepole, macho kayafumba.

"Ng'ombe wa kule wanakula majani kweli," akasema.

Ikawa ndiyo desturi. Siagi, jibini, siagi tena. Siku moja nilipitiwa, nikampelekea biskuti za duka la pembeni, akaionja moja na kuirudisha sahanini. "Hii ya hapa hapa," akasema, "leo hukufika."

Na mguu? Nao ulianza hivi hivi, bila mtu kuupangia. Tulikuwa Konemara, kwenye kile kilima kirefu kinachopanda kandokando ya ziwa. Kutwa nilikuwa kwenye mkutano, nimekasirishwa na mtu ambaye sitamtaja, na miguu ikagoma. Nikasimama. Picha nayo ikasimama, mvua ikabaki hewani.

"Endesha," mama akasema.

"Siwezi. Kama unataka tufike, nisaidie."

Nilisema kwa hasira, wala sikuwa nikimshawishi. Kisha nikamsikia anamwambia dada wa Kenya amsogezee kile kidude cha fundi cherehani. Akafungwa mguu wa kushoto kwenye pedeli kwa utepe wake, akaanza kuzungusha, na mimi nikaanza, na picha ikaenda. Bila shaka alijua kwamba pedeli zake hazisukumi kitu. Lakini tulipofika juu na bahari ikatokea upande wa pili, alikuwa anahema na amefurahi, na aliniambia kwamba bila yeye ningelala njiani.

Kwa hiyo kila alasiri tulikuwa safarini sote wawili. Na alasiri, kama nilivyosema, ndiyo saa ya simu ya mama mkubwa.

Siku hiyo mvua ya Mayo ilikuwa imechachamaa. Kamera ilikuwa inapigwa na upepo, kondoo wanalia, na sauti nimeifungua mpaka juu kwa amri ya mama. Simu ikalia. Dada wa Kenya akamshikia sikioni.

"Uko wapi, mbona makelele hivyo?" mama mkubwa aliuliza. Alikuwa na sauti ya kusikika mpaka jikoni.

"Tuko Ayalandi, dada! Mvua hiyo, kilima hiki hapa. Nitakupigia tukifika."

Akakata. Nilicheka, na mama akacheka, tukaendelea na kilima. Tulipofika tukala siagi yetu, na kupiga akasahau.

Mtu mwingine angelicheka tu. Lakini ngoja nieleze jinsi lilivyofika Khuwair. Kwetu, mgonjwa akisafiri ghafla kwenda ng'ambo, maana yake ni matibabu. Na akisafiri kimya kimya, maana yake ni kwamba maradhi ni mabaya na watoto wanaficha. Halafu kuna kuaga. Mtu wetu akiwa na safari, hata ya wiki moja, anapita nyumba kwa nyumba kwa wakubwa wake, anawaamkia, anaomba radhi, kwa sababu hakuna ajuaye kama atarudi. Mama na dada yake waliondoka Unguja wakiwa wasichana, bila kuwaaga nusu ya watu wao, na wengi kati ya hao hawakuwaona tena. Jambo hilo mama mkubwa hakuwahi kulizungumza, ila katika familia nzima yeye ndiye aliyekuwa mkali wa kuagwa. Mjukuu wake mmoja alikwenda Dubai siku mbili bila kumpitia, na kwa mwaka mzima hakujibiwa shikamoo.

Sasa mkubwa huyo amesikia kwa masikio yake mvua na kondoo, Julai, na nduguye pekee aliyebaki, mgonjwa, anamwambia yuko Ayalandi.

Kesho yake simu ya alasiri haikulia. Mama akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena usiku na asubuhi. Siku iliyofuata nikiwa ofisini nikapigiwa na binti yake mama mkubwa, anayekaa naye.

"Mmefika salama?" akaniuliza kwa sauti ya msiba. "Hospitali gani?"

"Hospitali ya nani?"

Alipokwisha nieleza, nilianza kucheka, kisha akaniambia mama yake tangu juzi anakunywa maji tu, na kicheko kikanikauka. Nikamweleza habari ya mashine na filamu. Yeye, msomi mwenye simu mbili, alielewa mara moja. Mama yake hakuelewa, au hakutaka.

"Anasema watu wanaoficha maradhi ndivyo wasemavyo."

Nikaona dawa ni ndogo: simu ya video. Jioni ile nikampangusa mama uso, nikamkalisha, nikapiga. Mama mkubwa akatokea, kajifunga kanga kichwani, katununia. Akaangalia kwa muda. Nami nikaona, nikiwa nimechelewa, kile anachokiona yeye: ukuta mweupe, kitanda chenye vyuma vya pembeni, na nyuma ya bega la mama, dada wa Kenya kasimama na sare yake ya buluu, anatabasamu kikazi.

"Hiyo si hospitali?" mama mkubwa akauliza.

"Dada, chumbani kwangu hapa, Ansab!"

"Na huyo nesi?"

"Si nesi, ni mwanangu wa Kenya."

"Umezaa Kenya lini?" Akafuta macho kwa pembe ya kanga. "Kama uko Maskat, njoo. Nikikushika mkono nitaamini. Usipokuja, ushaondoka bila kuniaga, na mimi sina la kusema."

Ikawa ndiyo mwisho wa simu.

Mama alikasirika kwanza. Dada kaanza utoto, dada siku zote ndivyo alivyo, tangu wadogo lazima yeye abembelezwe. Alikasirika siku mbili, na siku hizo hakukanyaga pedeli. Mimi nami niliwakasirikia wote wawili, bibi wazima wanaosusiana wakati mmoja ana moyo mbovu na mwingine mguu. Chini ya hasira ilikuwako hofu, na heri niitaje: niliogopa mama mkubwa atakufa kabla hawajaonana, na mama atakaa na jambo hilo kwenye kile kiti mpaka mwisho wake. Nikamwambia mama twende kesho, binamu watambeba, dakika tano limekwisha.

Kesho yake nilipopanda baiskeli, akaniita.

"Kile kilima kirefu, chenye ziwa, kiko wapi?"

Tukarudi Konemara. Tulirudi kila siku mpaka nikakichukia kilima kile na ziwa lake, na mbwa wa Mayo nikamkumbuka kama jamaa. Mama hakutaka tena njia za tambarare. Alisema za tambarare ni za watalii. Mtaalamu wa mazoezi alipokuja akashangaa, akatuongezea zoezi la kidaraja cha mlangoni petu: panda, shuka, mguu mzima utangulie kupanda, mguu mgonjwa utangulie kushuka. Dada wa Kenya alikuwa anamshika nyuma kwa mkanda, akihesabu kwa Kikikuyu, na mama akawa anajua hesabu za Kikikuyu. Alianguka mara moja, akaumia kiwiko, na kilichomuuma zaidi ni kwamba nilimwona. Niliacha kupiga kelele. Siku nyingine alikuwa analia kwa uchovu huku anazungusha, nami nilikuwa nimempa mgongo juu ya baiskeli, nikimsikia, nikiendelea kukanyaga ili picha isisimame.

Mama mkubwa alikuwa ameanza kula, binti yake alitwambia, ila jina la mama yangu halitaji. Binti alikuwa akija Ansab, akamwona mama, akarudi kuapa. Haikusaidia kitu.

Mwezi wa tisa, joto lilipoanza kulegea, mama akasema Ijumaa. Alivaa buibui lake jipya, akafukizwa udi mpaka dada wa Kenya akapiga chafya. Begani alining'iniza kipochi, na ndani ya kipochi pakiti ya siagi niliyoizungushia gazeti na barafu. Nilimwambia nitaibeba mimi. Akasema zawadi anabeba aliyesafiri.

Chini ya jengo la Khuwair tuliwakuta binamu wawili na kiti cha plastiki, wamekunja mikono ya dishdasha. Mama akawaitikia shikamoo zao, akakitazama kiti.

"Kampelekeeni mama yenu akae mlangoni," akasema.

Wakaangaliana, wakapanda nacho.

Zilikuwa ngazi nyembamba, zenye harufu ya vitunguu na sabuni, na chuma cha kushikia kilikuwa upande wa kulia, upande wa mkono wake mzima. Dada wa Kenya alikuwa nyuma yake na mkanda, mimi mbele, napanda kinyumenyume. Mguu mzima, kisha mgonjwa. Mguu mzima, kisha mgonjwa. Mhindi mmoja akashuka na mfuko wa taka, akajibana ukutani kutupisha, akatupa salamu, na mama akamwitikia bila kuinua mkono kwa sababu mkono ulikuwa na kazi. Ghorofa ya kwanza alikuwa anahema kama yule mtu wa kwenye filamu. Midomo ilikuwa imempauka. Nikasema kwa sauti ya chini tupumzike, tukae hapa, au tuwaite wale wawili, hapana aibu, umekwisha onyesha.

"Endesha," akaniambia.

Nikageuka, nikaendesha.

Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni kwenye kile kiti cha plastiki. Alikuwa amekonda. Alimtazama mama akipanda ngazi za mwisho mpaka mama alipofika mbele yake na kushikilia mwimo wa mlango.

"Umerudi," akasema.

"Sijakwenda."

"Mkono."

Mama akampa mkono. Si ule wa kulia. Ule hakuweza kuuachia mwimo. Akampa wa kushoto, uliolegea, nami nikamsaidia kuuinua. Mama mkubwa akaushika kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akaubonyeza kidole kimoja kimoja, akaupeleka puani akaunusa udi wake. Akaubusu.

"Haya. Umeniletea nini?"

Dada wa Kenya akafungua kipochi. Siagi ilikuwa imelainika na gazeti limelowa, na mama mkubwa aliipokea ilivyo, akaigeuza kama alivyougeuza mkono, akaona picha ya ng'ombe. Akaanza kucheka. Mama akacheka. Mimi nikashusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Julai, nikadhani yamekwisha.

Kumbe mama hakuja kwa hilo. Alipoletewa kiti na kukaa, goti kwa goti na dada yake pale pale mlangoni, alisubiri pumzi zimrudie. Kisha akasema, "Nimekuja kukuaga."

Mama mkubwa akaacha kucheka. "Unakwenda wapi?"

"Sijui. Popote nitakapopelekwa. Ngazi hizi nimezipanda leo. Kama nitazipanda tena ajuae Mngu. Nnakuaga nna akili zangu na ulimi wangu, usije ukasema tena nimeondoka kimya kimya. Niwie radhi, dada."

Nilitaka kumkataza. Nilitaka kusema maneno gani haya siku ya furaha. Binti wa mama mkubwa alinishika mkono.

"Mimi ndiye mkubwa," mama mkubwa akasema. "Nani kakupa zamu ya mwanzo?"

"Basi tuagane sote."

"Nimekuwia radhi. Na wewe niwie."

"Nimekuwia."

"Yote?"

"Yote. Hata ile baiskeli ya kaka uliyoniangusha nayo uani, ukasema nilianguka mwenyewe."

"Ulianguka mwenyewe," mama mkubwa akasema, akaagiza chai.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikalia hadi nikatosheka. Niliporudi walikuwa wanakula mkate na siagi, na mama anamsimulia dada yake habari za Ayalandi: watu wa kule wana adabu, kila mmoja anakusalimu, ila mbwa wao hawana mbele wala nyuma. Kushuka kulituchosha kuliko kupanda. Jioni ile hatukwenda popote.

Simu za alasiri zikarudi, na mama alikwenda mara moja moja, miguu ikimruhusu. Baridi ilipoingia nilirudi Qurum na wenzangu, mama akabaki na dada wa Kenya na pedeli zake. Walikuwa wamejifunza kuifungua skrini wenyewe, wakitazama njia hata bila mimi, wakingoja picha ianze kwenda kwa sala ya nani sijui.

Mama mkubwa alifariki mwezi wa pili, hospitali, mchana, bila maneno mengi. Mama hakuwapo. Wanaume walikaa msikitini, sisi wanawake tukakaa kwenye nyumba yake, ghorofa ya pili. Mama akapanda. Binamu wale wawili walikuwa tena pale chini, macho mekundu, na safari hii hawakuleta kiti.

Juu akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, mlangoni, kwa kuwa ndani kulikuwa kumejaa na miguu yake ilikuwa imekwisha. Jamaa yetu mmoja, mwanamke asiyekosa msiba, akamkumbatia kwa kilio kikubwa.

"Pole, bi mkubwa. Na maradhi haya yako, masikini, hata kumuaga dada'ko hukuwahi."

Mama alikuwa bado anahema. Akaitoa mikono ya yule mwanamke shingoni, taratibu, mmoja mmoja.

"Tulishaagana," akasema, akaomba maji.